Sindano za Mashini

Watu wanaosema vita ile ya Wazungu haikufika Kasongo hawakuwa na gramafoni. Sisi wenye ugonjwa wa gramafoni tuliijua vita kabla ya mtu yeyote kutusomea gazeti, maana sindano zilikwisha.

Nazungumzia zile sindano fupi za chuma zinazochomekwa kwenye kichwa cha mkono wa gramafoni. Ndizo zinazotembea juu ya sahani ya nyimbo na kuitoa sauti. Kabla ya vita zilikuja kwenye vikopo vidogo vya bati, na sheria yake tuliishika kuliko amri za misioni: sindano moja, wimbo mmoja, halafu itupwe. Aliyerudia sindano mara mbili tulimwita mla mizoga. Kisha maduka ya Kasongo yakakauka. Kindu wakasema hakuna. Albertville wakasema meli hazipiti, chuma chote kinakwenda kwenye bunduki. Haukupita mwaka, sote tukawa wala mizoga.

Tulikuwa watatu, na tulikutana kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, alasiri, barazani kwa fundi cherehani mmoja, Mwislamu wa mjini, ambaye gramafoni ilikuwa yake. Wa pili alikuwa mtu wa posta, anayefanya kazi kwenye simu ya upepo, ile ya kupeleka habari mbali. Wa tatu mimi, karani wa depo ya pamba, Mkristo, mjuaji wa kila kitu. Nasema mjuaji kwa sababu ndivyo nilivyokuwa, na kwa umri huu sina haja ya kujisafisha.

Kazi yetu pale ilikuwa kubishana. Wengine wakisikia wimbo wanacheza. Sisi tulikunja uso na kutafuta kasoro. Mtu wa posta alishikilia mambo ya waya. Alikuwa na kipande cha waya wa shaba, akakifunga shingoni mwa pembe la gramafoni, akakishusha mpaka ardhini, akaapa kwamba sauti yenye waya mnene haitetemeki. Nikamwambia gramafoni si simu ya upepo. Akaniambia masikio yangu ni ya kupimia pamba. Tuligombana juu ya ule waya wiki nne nzima, mpaka tukanuniana, na hata kipande kingine cha kujaribia hatukupata, kwa kuwa shaba nayo ilikuwa imekwenda vitani.

Fundi yeye alituletea miiba ya mlimau. Aliikausha juu ya majivu ya pasi yake ya makaa, akaikata kwa mkasi, akachomeka mmoja mahali pa sindano. Siwezi kusema uongo, ulitoa sauti, lakini ndogo, ya chini, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nilicheka mpaka wateja wake wakageuka. Nikamwambia mimi si mbuzi, miiba ya nini. Fundi akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa mtu wa kumeza maneno.

Sasa, kaka yangu alikuwa ameondoka na askari. Barua haikuwa kitu chake, shule hakuipenda. Mama yetu alikaa kwangu, kwenye nyumba za makarani, tangu baba alipofariki. Alikuwa Mubangubangu wa upande wa Kabambare, mwanamke wa jembe na maneno machache. Kwa miezi mingi tulijua tu kwamba askari wetu wako Misri, na Misri kwake ilikuwa nchi ya kwenye mahubiri, si mahali anapoweza kuwa mtoto wake. Kisha asubuhi moja nikaitwa ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, nikapewa bahasha ya karatasi ngumu. Ndani yake mlikuwa na sahani moja nyeusi, nyepesi kuliko zetu, inang'aa. Karani wa pale akanieleza kwamba Wazungu walikwenda kambini na mashini ya kushika sauti, na askari waliobahatika walipewa kila mmoja dakika moja aseme na watu wake. Jina la kaka yangu na namba yake ya jeshi viliandikwa kwa wino katikati ya sahani.

Nilikimbia. Mtu mzima, na suruali ya ofisini, nilikatiza soko mbio na ile bahasha kifuani, watu wakidhani nimeiba.

Fundi alikuwa amebakiza sindano moja mpya, moja tu, ameificha kwenye kasha la vifungo. Akaitoa bila kuombwa. Mama akaketishwa mbele ya pembe, majirani wakajaa baraza mpaka barabarani. Fundi akazungusha mpini wa mashini, akashusha sindano.

Ikatoka sauti ya mwanaume, safi, kila neno linasikika. "Mama, ni mimi mutoto wako. Mimi niko muzima. Chakula iko, nguo iko. Usilie. Vita ikiisha nitarudi. Salimia ndugu yangu, salimia watu wote." Halafu jina, halafu namba, basi.

Majirani wakapiga vigelegele. Mimi machozi yalinitoka na sikuona haya. Mama hakutikisika. Alingoja mpaka sahani ikasimama, akaniangalia, akasema taratibu:

"Huyu hapana mutoto wangu."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani anatania. Fundi akarudia. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka. Alisema ni mtu mwingine, anataja jina la mtoto wake lakini ni mtu mwingine. Akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akarudi nyumbani kwa miguu, peke yake.

Nilipomfuata nilimkuta nyuma ya nyumba, chini, jirani anamnyoa nywele. Kile kitambaa kilikuwa kando, kimekunjwa. Nilimuuliza anafanya nini. Akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hofu. Zamani, alisema, kaka yake alichukuliwa kwenda kuchimba dhahabu. Siku moja kwao wakaletewa blanketi jipya na mfuko wa chumvi, zawadi ya wakubwa wa kazi. Walifurahi, wakaila ile chumvi wakicheka. Habari ya kifo ilikuja wiki tatu baadaye, na ilipokuja wakaambiwa siku aliyokufa, wakahesabu, wakaona alikuwa amekwisha kuzikwa kabla blanketi halijatoka huko.

"Wanatangulizaka zawadi," mama akasema. "Ile sahani yako ni blanketi."

Kwake mambo yalikuwa wazi. Mtoto wake amekufa Misri, na Bulamatari, serikali ya Wazungu, ili mama asipige kelele, amemtafuta mtu mwingine wa kumsemea ndani ya sahani. Basi akaanza matanga. Alilala chini juu ya jamvi, hakugusa jembe, hakuweka sufuria motoni. Ugali niliouweka mbele yake aliumega mara mbili, akausukuma. Padri alikuja, akamweleza; mama akamsikiliza kwa adabu na hakuondoka kwenye jamvi. Nilijua mwanamke wa umri ule hawezi kukaa hivyo miezi na miezi akabaki hai. Ilibidi asikie sauti ya mwanawe na aikubali, tena upesi. Hakuna kitu kingine duniani nilichokitaka.

Na kwetu sisi watatu mambo nayo yalikuwa wazi: kosa liko kwenye mashini. Resori, ule utepe wa chuma unaokunjwa ndani na kuizungusha sahani, ilikuwa imechoka. Sahani ikienda polepole sauti inakuwa nzito, ikienda mbio inakuwa nyembamba. Kwa hiyo mama alimsikia kaka akiwa amevutwa, tukasema, na kinachotakiwa ni kuipata mbio yenyewe hasa, kwa ile skrubu ndogo ya pembeni. Mtu wa posta akaongeza kwamba waya wake ungeachwa mahali pake tangu mwanzo haya yote yasingetokea. Nikamwacha aufunge. Ningemwacha afunge hata kamba ya mbuzi.

Fundi peke yake alikuwa na la kwake. Alikuwa ameugusa ukingo wa sahani kwa ukucha, na ukucha umeacha alama. Sahani za duka haziachi alama. Akasema hii ni laini, tuitembeze kwa mwiba. Nikamwambia mama haamini sauti kubwa, ataamini ya mtunguni? Yakaishia hapo.

Tukatumia sindano kuukuu tulizozinoa kwenye jiwe la wembe. Mara tatu, mara nne kila siku ya Mungu, nakaza skrubu, nalegeza skrubu. Kila mara ncha ya sindano ilikusanya vumbi jeusi, laini, na mimi nikalipuliza. Sikujiuliza linatoka wapi. Mara mbili nilimleta mama, mara mbili akatikisa kichwa, na mara ya tatu akakataa kuja. Sauti nayo ikaanza kuingia ukungu. Nikasema ni sindano hizi za kunoa, hazifai, bila sindano mpya tunajidanganya.

Nikaandika barua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kindu aliyejulikana na mtu wa posta. Niliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, nikamsihi, nikamweleza habari ya mama. Nikamwomba sindano za mashini. Sisi pale barazani gramafoni tuliiita Mashini, basi, utadhani Mungu hakuumba mashini nyingine. Tukangoja miezi miwili na nusu. Sahani ilikaa ndani ya bahasha yake, na mama alikaa kwenye jamvi lake. Mikono yake ilikuwa imekonda mpaka bangili ya shaba ikapanda juu ya kiwiko na kushuka yenyewe.

Pakiti ikafika na lori la pamba. Nikaifungua palepale depo, mbele ya watu. Sindano kumi na mbili za cherehani.

Sikulia, nilichanganyikiwa. Nilimpelekea fundi, nikazimwaga juu ya meza yake, na nikaona uso wake unang'aa kabla hajauficha. Kumbe na yeye alikuwa ameishiwa, mwezi mzima anashona kwa mkono. Nikamtukana. Nilimwambia anafurahia kifo cha mama yangu kwa sababu ya sindano za kushonea kaptula. Maneno hayo niliyasema mbele ya wateja wake, mtu ambaye mwezi wa mfungo alinipa uji wake wa kwanza nikiwa mgeni pale. Akazikusanya moja moja, akasema kwa sauti ndogo kwamba barua ile hakuiandika yeye.

Ni kweli, niliandika mimi. Na kwa kuwa niliandika mimi, nikataka nionyeshe kwamba zinafaa. Nilichukua moja, nikaikata kwa koleo, nikainoa mchana kutwa, nikaichomeka. Tuliijaribu kwenye wimbo mmoja wa zamani: ilipiga sauti ambayo hatujapata kuisikia tangu vita ianze, kubwa, kali, mpaka pembe likatetemeka. Nikaweka sahani ya kaka, maneno ya mwanzo tu, nikazungusha skrubu polepole, na nikamsikia. Naapa nilimsikia kaka yangu, vile anavyovuta neno "Mama". Mtu wa posta akasema ndiye, ndiye kabisa. Fundi alikuwa anaangalia lile vumbi.

"Tumia mwiba, ndugu yangu," akasema. "Mara hii moja tu."

Nikamwambia arudi kwenye nguo zake.

Nilimpakia mama kwenye baiskeli. Alikubali kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukataa, na baiskeli haikuhisi kama imebeba mtu. Tukamketisha. Sindano ikashuka, ikasema, "Mama, ni mimi mu—" kisha ikazama. Uzi mweusi, mwembamba, ukaanza kutoka kwenye sahani na kujikunja juu ya ncha. Ilinipasa niinue mkono wa mashini palepale, hata mtoto angejua. Sikuuinua. Nilidhani itapita, itatoka upande wa pili, maneno yaliyobaki yatakuwa mazima. Nilisimama nikitazama inalima mistari yote mmoja baada ya mwingine, chakula, nguo, usilie, nitarudi, na kilichotoka kwenye pembe ni mkwaruzo tu.

Mama akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Acha. Musimusumbue mutoto wa wenyewe. Mama yake anamungojea."

Alikufa kabla ununuzi wa pamba haujaanza mwaka ule. Tulimzika upande wa Kabambare kwa watu wake, mvua inanyesha. Nilikuwa nimeandika jeshini pia, kwa njia ya teritwari, na jibu likafika wiki mbili baada ya mazishi: askari namba fulani yuko hai, ana afya njema. Nilipanda baiskeli, nikaenda kulisoma kaburini kwa sauti, Kifaransa chake na tafsiri yangu. Ujinga mtupu.

Barazani kwa fundi sikukanyaga tena. Tulisalimiana sokoni, kila mtu na njia yake. Ile sahani niliirudisha kwenye bahasha, nikaiweka chini ya sanduku la nguo.

Vita ilipokwisha kaka alishuka garimoshi ng'ambo ya Lualaba, akavuka, akaja kwa miguu na mfuko wa jeshi begani, amenenepa kuliko alivyoondoka. Habari za mama alizipata njiani, nashukuru kwa hilo tu. Alilia, akanyoa, akakaa. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa uani, akaniuliza kama ile sahani ilifika. Nikamwambia ilifika. Akauliza mama alisema nini aliposikia.

"Alisema si wewe."

Kaka alisogeza kigoda chake karibu. Kisha akaniambia kwamba mama alisema kweli. Siku ile wale Wazungu walipokuja yeye alikuwa na ugonjwa wa koo, sauti haitoki hata ya kuomba maji. Zamu yake ilikuwa ile, na hakuna kubadilisha zamu. Rafiki yake, mtu wa Kabambare waliyelala naye hema moja, akaingia mahali pake, akasema maneno aliyoelekezwa kwa ishara na kwa kunong'onezwa, akataja jina na namba yake, akatoka. Zamu ya yule rafiki mwenyewe ilikuwa kesho yake. Kesho yake Wazungu walikuwa wamefunga vyombo vyao, wameondoka.

Nikamuuliza yuko wapi huyo rafiki.

"Homa ilimumaliza. Tulimuzika kulekule, kwenye muchanga."

Akasema tangu siku ile alikuwa anaifikiria sahani ile. Sauti ya yule mtu iko humo, haiko mahali pengine popote, na mama yake yuko hai, yuko Kabambare, hajaletewa hata kifungo cha shati. Kaka alitaka kumpelekea mwenyewe. Akaniomba nimpe sahani, na akaniomba niongee na fundi amwazime gramafoni.

Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Mimi niliyekuwa na maneno juu ya kila waya na kila sindano iliyoingia Kasongo, niliinua sanduku, nikaitoa bahasha, nikaifunga kwa kitambaa, nikafunga na kamba ili asiifungue njiani, nikampa. Kwa fundi alikwenda peke yake. Fundi akampa mashini bila kuuliza siku, na miiba mitatu.

Kaka alirudi baada ya siku kumi na sita. Alitua mzigo, akaomba maji, akanywa yote. Nilimuuliza safari ilikuwaje. Alisema yule mama ni mzee sana, haoni vizuri, alikaa karibu mpaka shavu lake likagusa pembe. Aliisikiliza ile mikwaruzo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Mara ya pili akaanza kulia, akasema ndiye, ni mwanawe, ila yuko mbali sana. Akamwita kwa jina. Akaomba mara ya tatu, na kaka akazungusha tena mpini wa mashini, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Ndani hamukuwa na kitu," kaka akasema. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akachukua kitambaa kilichofunga ile sahani, akakikunja mara nne, akanirudishia.